Posa yangu ilivyojibiwa nikiwa kwenye tundu la wanakondoo

Naanza kwa kukiri kwamba nina aibu, na mpaka leo mke wangu akicheka peke yake jikoni najua anacheka nini, kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Alief, mtaa wetu wa Houston, ambao kila wakisimulia wananiongezea unene.

Mwaka 2018 nilikuwa nafanya kazi ofisini huko Plano, saa nne kwa gari kutoka Houston, mchumba wangu Zuhura yuko kwao Pearland, pembeni ya Houston, na posa yangu ilipangwa kupelekwa Jumamosi moja ya Agosti na Ami Shaaban na Shangazi Mwajuma, wazee wangu wa Alief. Sasa kwetu, mnajua wenyewe, muoaji haonekani siku ya posa, wazee ndio wanaokwenda, yeye anakaa mbali anasubiri jibu. Lakini gari la Ami lilikuwa gereji, na Houston bila gari hufiki popote, basi nikateremka kutoka Plano kuja kuwaendesha, nimevaa kanzu mpya (ya nini, sijui, maana sikutakiwa kuonekana). Nikawashusha, nikapaki nyuma ya kona. Zuhura akanitumia ujumbe: "Stay kwenye gari, please. Baba aki-notice tumekwisha."

Ningekaa. Ila kipoza hewa cha gari kilizima, na zaidi ya joto nilitaka kulisikia jibu kwa masikio yangu, kwa sababu Baba Zuhura alikwishakataa posa mbili kabla yangu na mimi nilikuwa nampenda mtoto wake sana. Nikakumbuka kibanda cha uani alichonisimulia Zuhura. Baba Zuhura ni mfamasia wa hospitali, lakini ujanani alisoma Uingereza, likizo anafanya kibarua kwenye shamba la kondoo, na yale mapenzi hayajamtoka; akajijengea kibanda cha wachungaji wa kizamani, cha mbao na bati, juu ya magurudumu ya chuma, hapo Pearland ambako kondoo huonekana sahanini tu. Nikapita geti la pembeni, nikaingia, nikajibanza chini ya dirisha.

Kumbe Baba Zuhura hana mgeni asiyemtembeza kwenye kibanda chake, posa baadaye. Nikawasikia wanakuja, mlango ni mmoja, pa kutokea hakuna. Chini ya kitanda kulikuwa na tundu lenye kilango cha fito. Nikajikunja na kanzu yangu, nikaingia kwenye majani makavu (aliyaweka ili mambo yawe kama ya zamani), nikavuta kilango.

Ami Shaaban, ambaye si mwembamba, akakaa kitandani. Mbao zikashuka zikanikaa mgongoni. Ndipo somo likaanza: zamani wachungaji walilala kwenye vibanda vya fito na majani, magurudumu yakaja baadaye ili farasi wakivute kibanda mpaka malishoni msimu wa kondoo kuzaa, mchungaji akaishi humo wiki kwa wiki na jiko lake na kabati la dawa, madirisha pande zote ayaone mabanda ya kondoo, mlango ukiupa upepo mgongo. Halafu yakaja matrekta, kondoo wakazalia ndani, vibanda vikaachwa vikawa vya kuku. Shangazi alipiga miayo waziwazi. Mimi sikuwa na hiari, nilisikiliza yote.

"Na hapa chini," akasema Baba Zuhura, "ndipo walipolazwa wanakondoo yatima." Akafungua.

Tukatazamana. Hatukuwahi kukutana ana kwa ana.

"Huyu ni nani?"

Ami Shaaban akainama, akaniangalia vizuri, akakumbuka kwamba muoaji hatakiwi kuwepo. "Hatumjui," akasema. Shangazi naye akaapa kwamba ndio kwanza ananiona.

Baba Zuhura akatoa simu, akasema kama ni hivyo basi ni mwizi, anawaita polisi. Hapo nilimuona hakimu, nikajiona narudishwa Dar es Salaam na majani kichwani.

"Ami," nikasema kutoka tunduni, "nijue."

Shangazi akaanza kulia, au kucheka, kule chini sikuweza kujua. Baba Zuhura akachuchumaa mbele yangu.

"Umekuwa humo tangu mwanzo?"

"Ndiyo, baba."

"Mlango uligeuzwa wapi, na kwa nini?"

Nikamwambia, uliupa upepo mgongo, ili baridi isimuue mchungaji wala kumzimia jiko. Akauliza ya magurudumu, nikajibu. Akauliza ya kuku, nikajibu. Akasema polepole kwamba wageni wote usikivu wao huishia kwenye habari ya jiko, wanae wa kuwazaa wanamkimbia, hajapata mtu wa kumsikiliza mpaka mwisho.

Kisha akanifungia kilango usoni, taratibu, akasimama, akakohoa, akageuka kwa wazee wangu.

"Mwambieni kijana wenu, popote alipo, kwamba tumekubali."

Nililia mle ndani, sioni haya kusema. Na nimeapa sitachungulia tena jambo linalonihusu. Mdogo wangu alipoposa, nilimuamrisha abaki Plano na simu azime.