Ngoma Iliyoziba Mtaro

Mlionizoea mnajua kwamba habari kubwa hunikuta mahali pa aibu. Hii ilinikuta kwa kinyozi, shavu moja limenyolewa, la pili limejaa povu. Aliingia mtu wa Samuye, kijiji cha huko Usukumani, akasema yule nyapara wetu mzee wa mgodini, mwimbaji, amefariki na anazikwa kesho. Nilijifuta povu nikakimbilia basi. Basi nikafika msibani na ndevu upande mmoja! Wazee wa kule ni waungwana, hakuna aliyeniuliza, ila nilimsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba huenda ndivyo watu wa magazeti wanavyoomboleza. Marehemu angecheka mpaka akae chini. Tulijuana yeye akinicheka, na tulianzia kwenye tope.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Geita. Mimi nilikuwa karani kijana, soksi nyeupe hadi magotini, kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Ubavuni mwa kilima palikuwa na lundo la kifusi na mchanga uliosagwa, na kila mvua iliponyesha, lundo hilo liliteremka na maji kuelekea mbugani, kwenye bonde la mashamba. Huko chini mama mmoja mjane alikuwa na majaruba yake ya mpunga. Masika yaliyopita tope lilikuwa limeyafukia yote isipokuwa moja, na hilo moja ndilo lililowalisha yeye na wanawe. Akapanda kilima kuja kushtaki, akanikuta mimi. "Karani," akasema, "na hili likifukiwa nitapika nini? Hicho kifusi chenu?" Nikamjibu kwa Kiswahili kirefu, cha kutanua kifua, kwamba suala lake linashughulikiwa. Alinitazama soksi, akaondoka.

Kwa kweli lilikuwa linashughulikiwa. Mzungu mpimaji alikuwa amepigilia vigingi vyenye vitambaa vyekundu kukingama mteremko. Hapo uchimbwe mtaro wa kuyapokea maji na kuyapeleka polepole kwenye bwawa, tope lizame, maji meupe yaendelee na safari yake. Tatizo ni kwamba vibarua waligoma. Siku zile serikali ilikuwa ikiwalazimisha wakulima kupiga matuta, anayekataa anatozwa faini, kwa hiyo mtu akiona jembe na vigingi pamoja anamwona bwana shamba. "Hayo matuta tumeyakimbia nyumbani," walisema. Ndipo nyapara wao, huyu marehemu, ambaye kwao alikuwa kiongozi wa ngoma ya kulimia, akaenda kambini akarudi na ngoma kubwa aliyorithi kwa baba yake. Usukumani shamba hulimwa kwa ngoma: watu hujipanga bega kwa bega, majembe juu pamoja, chini pamoja, mpigaji yuko mbele anawaongoza. Alipoigonga tu, wagomaji walishika majembe kama waliokuwa wakiyatafuta tangu asubuhi.

Kazi yangu ilikuwa moja, kutazama vigingi. Lakini nyapara akaanza kuniimba: karani wa soksi, jembe linakuogopa au wewe unaliogopa? Mimi na sifa! Nikavua soksi, nikaingia mstarini. Yeye alipiga huku akirudi kinyumenyume, uso kwetu, na miguu inayorudi nyuma kilimani hufuata panaposhuka. Sisi tukamfuata. Tuliposimama kunywa uji, mtaro ulikuwa mzuri ajabu, ila vigingi vilikuwa kule na sisi huku. Tulikuwa tumeuelekeza moja kwa moja kwenye jaruba la mama yule.

Mvua haikungoja tumalize uji. Maji yaliushika mtaro wetu kama yaliyoalikwa, na mama akaja mbio kutoka mbugani akipiga yowe. Tulitupa mawe, tulitupa matawi ya minyaa, yote yakasombwa. Nyapara akaitazama ngoma yake mara moja tu. "Mayu, mama, sogea," akamwambia mama. Akailaza ngoma mtaroni, akairukia juu, akapaza sauti: "Udongo! Karani, udongo!" Nikaja na karai langu, nikateleza, nikakaa kitako nyuma ya ngoma, na kwa kuwa nilishindwa kuinuka wakanifukia na mimi hadi kiunoni. Nawaambia kweli, katika utumishi wangu wote pale mgodini, sikupata kuwa na faida kama saa ile. Maji yakasita, yakageuka, yakafuata kijifereji ambacho wengine walikikwangua haraka kwenye vigingi mpaka bwawani. Tope lilifika kwenye kingo za jaruba likaishia hapo.

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Ile ilipasuka kwa kukanyagwa. Nilipokwenda kumpa pole, nyapara alinikata kauli: "Ngoma huwambwa nyingine. Jaruba haliwambwi." Siku ya pili tuliuchimba upya kwa ngoma ya kuazima, lakini mimi aliniwekea jembe mbali. "Wewe usicheze," alisema, mama yule akisikia. "Lazima awepo mmoja asiyecheza, atazame vigingi." Maneno hayo nimeyabeba hadi leo, na kila nikikaa kwenye mikutano yetu mikubwa, makofi na vigelegele, mipango inaimbwa vizuri, nageuka kumtafuta huyo mmoja. Mara nyingi simwoni, na mara nyingi mikono yangu nayo inapiga makofi. Raha ya kazi ni mali, wala siitukani. Lakini mteremko hausikii wimbo, na chini yake daima pana mtu mwenye jaruba moja.

Mama yule naye alikuja mazikoni kutoka Geita. Sasa ni bibi kizee, na alikuja na kikapu cha mchele wa jaruba lile, ukapikwa, waombolezaji wakala. Baada ya maziko vijana waliitoa ngoma, kwa kuwa mwimbaji hazikwi kimyakimya. Nilisimama pembeni kwa utii, machozi yakinitiririka, upande mmoja yakipita kwenye ndevu. Bibi yule akaja akasimama kando yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama miguuni kuona kama bado navaa soksi.

"Karani," akasema, "leo nenda kacheze. Nitatazama mimi."