Kwenda Kumwomba Radhi Mama Yustina

Safari hii niliifunga mwenyewe, ofisi haikunituma. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa bwana shamba, mtu wa Mbeya niliyehamishiwa Sumbawanga na cheti changu na kiburi changu. Wafipa hufukia majani ndani ya vilima vidogo vya udongo, intumba, wakayaacha yaoze, na msimu unaofuata husambaza udongo huo wakapanda ulezi. Mimi nilimwamuru Mama Yustina, mjane, avivunje vilima vyake majani yakiwa bado mabichi, apige matuta yaliyonyooka. Akatii. Ulezi wake ukatoka wa manjano, mwembamba. Kisha mkutanoni, wakubwa wakiwepo, nikamwita mvivu. Tangu siku hiyo, nilisikia, hakwenda tena kusali kwa aibu.

Nami kanisani kwetu nilikuwa nahubiri. Mke wangu, Tusekile, akaniuliza, "Hivi ukisimama pale mbele, yule mama humwoni?" Nilikasirika, halafu nikatia upepo baiskeli.

Jumamosi alfajiri niliondoka kwangu Mazwi, mjini Sumbawanga, katika ukungu, nikashika njia ya Ilemba kwenda kijijini kwa Mama Yustina. Ilikuwa mwezi wa tatu, matope yamejaa, na nusu ya njia baiskeli ndiyo iliyonipanda mimi. Nikatunga hotuba nzuri ya kuomba radhi, yenye visingizio vitatu.

Saa nane nilimkuta shambani, analima intumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana shamba. Umekuja kupima matuta tena?"

Hotuba yote ikayeyuka. "Nimekuja kusema nilikosea. Hukuwa mvivu. Mimi ndiye niliyekuharibia shamba."

Alilima mpaka akamaliza kilima kile. "Uliniita mvivu mbele za watu," alisema. "Hapa tupo wawili tu."



Jioni, mwenyekiti wa kijiji aliyenipa pa kulala alinionya nilipomwambia nitakiri mbele za watu. "Wakubwa wakisikia mtaalamu amekosea, utakosa kazi, ndugu." Niliogopa kweli. Nina watoto.

Jumapili, Wakatoliki walipotoka kusali, niliomba nafasi kwa katekista. Mama Yustina alisimama mbali, kando ya njia. Nikasema, "Mama yule alinitii mimi, ndiyo maana akakosa ulezi. Si mvivu. Yeye alijua, mimi sikujua."

Mama Yustina akapita katikati ya watu, polepole, akanishika mkono.

"Huyu ni mgeni wangu," akawaambia. "Anakula kwangu."

Nyumbani kwake alininawisha mikono kwa maji ya vuguvugu. Ugali wa ulezi ulikuwa mdogo, wa mtu mmoja, na nilijua udogo ule umetoka wapi.

"Mama, mimi nimeshiba."

"Umeshiba nini, na tangu asubuhi hujala? Kula, mwanangu."

Nikala. Machozi yalinitoka, naye akajifanya anachochea moto.

Mchana nilianza kurudi, naye akanisindikiza hadi kanisani, alikokuwa amebaki katekista, kisha mama akaingia kusali. Njiani niliona kwamba kuomba radhi ni kazi nyepesi. Kazi ni kulishwa na mtu uliyemnyima chakula, nawe usikatae.

Nilifika Mazwi nimelowa hadi mifupani. Tusekile alinipokea baiskeli mlangoni.

"Amekusamehe?"

"Hakusema," nilimjibu. "Amenilisha."