Idi ya Michembe

Binti yangu aliniwekea sharti. Anakaa Mwanza, ameolewa, ana watoto na sauti ya hakimu. Wiki ya mwisho ya Ramadhani alinipigia simu akitaka niende nikale Idi kwake. Nikamwambia nina kazi. Mimi ni seremala, natengeneza vitanda hapa Gongoni, na kila mtu anajua hakuna anayenunua kitanda siku ya Idi. Naye anajua. Akasema, "Sawa, baba, kaa. Lakini nikisikia umeshinda njaa, au umejifungia ndani unalia, nakuja kukuchukua wewe na godoro lako. Utahamia huku."

Sikuwa na mpango wa kulia. Mke wangu alifariki mwaka jana, wiki chache baada ya Idi Kubwa, na kulia nilishalia vya kutosha. Hii ilikuwa Idi yangu ya kwanza peke yangu na, Mungu anisamehe, nilikuwa naisubiri kwa hamu. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kukaa kitako siku ya Idi. Sogeza kochi. Shusha sinia. Usikate nyama na kanzu mpya. Haya, vaa kanzu mpya, wageni hao. Safari hii nilipanga kuswali, kurudi, kuvaa kikoi na kujilaza ukumbini, mahali ambapo nilikuwa nimepigwa marufuku kulala, huku redio ikilia kwa sauti ninayoitaka mimi.

Nilifanya hivyo hivyo, kwa muda mfupi. Redio haijamaliza salamu za sikukuu, mlango ukagongwa. Pilau, kutoka kwa mama muuza vitumbua wa nyumba ya mkabala. Nikashukuru, nikarudi kwenye mkeka. Ukagongwa tena. Biriani, kutoka nyumba ya nyuma tunayopakana nayo ukuta. Tena. Pilau. Tena. Tambi. Mpaka adhuhuri meza ilijaa sahani zilizofunikwa kwa sahani, na kila aliyeleta alinitazama kama mgonjwa aliyekataa kwenda hospitali. "Pole, fundi. Kula hivyo hivyo." Sikujua pilau huliwa vipi vinginevyo.

Kilichonikera ni ile huruma. Hapo Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka hapa, kuna nyumba alimokaa mzungu mmoja zamani za misafara, miezi mingi, hana mke wala shughuli, anasubiri wapagazi wamfikie. Hadi leo watu wanatoka ng'ambo kuja kuona alipokuwa amekaa. Mimi nimekaa peke yangu asubuhi moja, kwa hiari yangu, napewa pole.

Hata hivyo nilikula. Nilimaliza pilau la muuza vitumbua, nikaisugua sahani kwa majivu mpaka nikauona uso wangu, nikavuka njia nikampelekea. Akaigeuza juu, akaigeuza chini. "Ahsante, fundi," akasema. Nikarudi nyumbani natembea kifua mbele.

Simu ililia kabla ya alasiri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Umerudisha sahani ya watu tupu?"

Nimezaliwa mji huu. Ninajua kwamba ukiletewa chakula, sahani inarudi na kitu: ndimu, kaimati, hata embe. Lakini nilijua kama wanaume wengi tunavyoyajua mambo hayo, yaani nilijua kuna mtu anayashughulikia. Nilitaka kujitetea kwamba niliisugua vizuri. Binti yangu hakunipa nafasi. "Mtaa mzima unasema umechanganyikiwa," akasema. "Jumamosi nakuja na gari la mizigo."

Hapo nikaogopa, nikaogopa kweli. Mwanza sina ugomvi nayo. Tatizo nilishajiona huko: babu kwenye kiti karibu na runinga, anaulizwa kila saa kama amekula, hana randa wala msumeno, hana mtu wa kugombana naye barabarani. Nikatazama sahani zilizobaki mezani. Zote zikirudi tupu, nimekwisha.

Duka pekee lililokuwa wazi lilikuwa na biskuti, na kuliko kurudisha sahani ya biriani na biskuti za dukani, afadhali kuirudisha tupu. Nikajaribu kaimati, kitu ninachokijua kwa kukila. Zilitoka ngumu, ningeweza kugongea misumari. Nikawatupia kuku, nao kuku wakazipita. Ndipo nikakumbuka gunia la michembe lililoletwa na wakwe zangu wa Puge. Mtu aliyelelewa Unyamwezini anaweza kushindwa na mengi, lakini si kuchemsha viazi vilivyokaushwa na kuvitia karanga zilizotwangwa.

Sasa, michembe siku ya Idi, hapa mjini, ni ushamba mtupu. Hapa kwetu kila mtu ana babu aliyekuja na msafara akiwa amepanda punda. Sijapata kukutana na mtu ambaye babu yake alibeba mzigo, na ile mizigo ilifika, sijui ilijibeba. Wangu alibeba. Basi nikasema wale tu, nikatwanga karanga na kikoi changu kiunoni, redio juu kabisa.

Michembe ilipoiva nikaanza kupakua. Sahani iliyokuja na biriani ilikuwa ya bati, nyeupe, ukingo wa buluu. Nikaigeuza kuifuta chini, nikaona alama tatu nyekundu za rangi ya kucha.

Chupa ile ya rangi mke wangu hakuwahi kuipaka kwenye kucha hata siku moja. Aliinunua kwa ajili ya kuweka alama vyombo vyake, ili vikienda kwenye harusi na misiba vijue kurudi nyumbani. Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, sahani mapajani. Nilimkumbuka akiwa ameinama, ulimi nje kidogo, anapaka alama ya tatu. Nikalia. Nililia ndani, mlango umefungwa, kama binti yangu alivyotabiri, ila kwa ile redio hakuna jirani aliyesikia.

Kisha nikanawa uso, nikapeleka sahani zote, ile nikaiweka ya mwisho. Mama wa nyumba ya nyuma alikuwa rafiki mkubwa wa mke wangu, na mtaani ni yeye peke yake anayeniita shemeji. Alipoiona mkononi mwangu akarudisha mikono nyuma.

"Hiyo si yangu, shemeji. Ni ya kwenu. Aliniletea na visheti Idi Kubwa. Nikasema nitairudisha siku nikipika cha maana. Mara akaugua. Mara tukawa msibani. Nikaona haya kuileta na vimboga vyangu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo leo imefika kwenu na biriani. Tumemalizana. Kaa nayo."

Neno hilo la kumalizana lilinichoma. Nilitazama ua wake, kamba ya nguo, mlango mdogo ukutani ambao yeye na mke wangu waliupita kutwa mara ngapi sijui, na nikaona kwamba nikiichukua ile sahani sitakuwa tena na sababu ya kuupita.

"Pokea, michembe inapoa," nikasema.

"Lakini ni yako."

"Najua ni yangu, si nimeona alama. Kaa nayo. Siku ukipika cha maana uilete. Na usiniletee tupu."

Alinitazama sana. Kisha akaipokea kwa mikono miwili, akainusa. "Umezidisha chumvi," akasema.

"Nimezidisha."

Magharibi simu ikalia tena. Binti yangu alikuwa ameshapata habari zote, pamoja na malalamiko ya muuza vitumbua kwamba yeye peke yake hakuonja. Sauti ya hakimu ilikuwa imepungua.

"Basi Jumamosi nisije?"

"Njoo utembee. Gari la mizigo liache huko huko."

"Na kuhamia kwetu, baba? Hata baadaye?"

"Siwezi," nikamwambia. "Kuna sahani yangu iko kwa watu."