Wadudu wanaonuka dawa karibu wanitoe kwenye ndoa

Wakuu, habari za huko mliko. Niko Midia, Koboko, nimeolewa huku nikitokea Awindiri, Arua mjini. Haya yamenikuta mwenyewe. Anayebisha aje nimwonyeshe ghala.

Mvua zilipoanza, mama mkwe aliingia ghalani kuangalia mbegu za simsim. Akavuta gunia, ikapanda harufu kali, kama ya kidonda kilichopakwa dawa ya hospitali.

Akatoka mbio. "Mutu naweka dawa kwa mbegu yangu!"

Sasa huku kwetu neno dawa lina mambo. Ya hospitali ni dawa, ya panya ni dawa, na ya mchawi nayo ni dawa. Ghalani tunaingia wawili tu, yeye na mimi. Mchawi nikawa mimi.

Kikao kikaitishwa. Shemeji mkubwa akasema nirudi kwetu, Poni abaki. Poni ni binti yangu, bado ananyonya.

Niliumia jamani. Ila kulia sikulia. Harufu ile niliifahamu, naisikia kila nikipanga kuni.

Nikawaambia twende ghalani wote. Nikainua gogo lililobeba magunia. Chini yake wamejaa wadudu wa miguu mirefu mirefu, mwili kama punje ya kunde. Utawaita buibui, lakini hawafumi utando wala hawana sumu. (Baadaye nilisoma mtandaoni kuwa wako wa jamii nyingi, nyingine ndogo sana, za nchi za joto tu.)

Nikamshika mmoja. Akanitolea majimaji kidoleni, akaniachia mguu mmoja, huyo akaenda. Mguu ukabaki unacheza peke yake!

Nikapeleka kidole kwa mama mkwe. "Mama, nusa."

Akanusa. Akashika wa kwake, akanusa tena, kisha akamgeukia shemeji.

"Nusa weye! Hii ndiyo dawa yenu. Mi karibu nafukuza mama ya Poni sababu ya dudu!"

Watu wakaanza kuondoka kimyakimya. Nikasimama mlangoni. Nikasema kila aliyesema niende, sasa aseme nibaki, kwa sauti ile ile.

Wakasema mmoja mmoja. Shemeji alikuwa wa mwisho, na nilimrudisha aseme tena, sikusikia vizuri.

Somo: ukisingiziwa, usikimbilie kuapa. Inua gogo kwanza.

Huko kwenu wadudu hawa mnawaitaje? Na dada uliyewahi kuitwa mchawi ukweni, ulijiteteaje? Mwaga hapa, nasoma zote.