Boksi la Biskuti Mbele ya Rejeta

Siku ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe. Sijui nani alinidanganya, labda nilichanganya gereji na benki. Fundi Mkuu wa pale Mwanjelwa aliniangalia kuanzia kola mpaka kandambili, akauliza nimekuja kutengeneza magari au nimekuja kutoa posa. Nikamjibu kitakachoanza ndo hicho hicho. Mafundi wakacheka. Yeye hakucheka. Alinishika mkono, akanivuta hadi kwenye gari lililokuwa linaunguruma boneti likiwa wazi, akanibonyezesha bomba la mpira linalotoka juu ya rejeta.

"Gumu au laini?"

"Gumu. La moto."

"Lina nini ndani?"

Nikasema maji. Akasema hapana, maji na hasira. Halafu akageuza uso akanionyesha shavu lake la kushoto, kutoka sikioni hadi shingoni, ngozi inang'aa kama plastiki iliyopigwa pasi. Alifungua kifuniko cha rejeta siku moja akiwa na haraka. Siku moja tu.

"Bomba likikataa kubonyea," akaniambia, "na wewe kataa."

Shati langu lilikuwa jeusi kabla ya saa nne.

Wadogo zangu mnaoingia gereji sasa hivi, mi nimestaafu. Nina miaka ishirini na tisa. Najua mstaafu huwa na mvi na kitambi na barua yenye muhuri. Mi sina hata kimoja. Ila kazi nimeifanya miaka tisa, na mnayoyaona kwenye simu zenu mengine yamepunguzwa chumvi, kwa hiyo tulieni niwaambie.

Nilikuwa na darasa la saba tu, kwa hiyo Fundi Mkuu alinifundisha kwa maharage. Aliniuliza kwa nini mama zetu huku Mbeya wanapika maharage tangu asubuhi na bado yanagoma, wakati ndugu zetu wa Dar wanasema yanaiva upesi. Nikasema maharage yetu yana kiburi. Akanipiga kofi la kisogo, la kirafiki, akaeleza. Tuko juu sana. Huku hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji, kwa hiyo yanachemka mapema, yakiwa kama nyuzi tisini na nne hivi, hayasubiri mia. Yanatokota lakini moto wake mdogo. Ndo maana mama anaweka jiwe juu ya kifuniko cha sufuria.

Injini yenyewe inataka kufanya kazi kwenye nyuzi themanini na tano hadi tisini na tano. Sasa piga hesabu. Kama maji ya rejeta yangekuwa wazi, gari zima hapa Mbeya lingekuwa linatokota kama chai. Ndo kazi ya kile kifuniko. Kina springi ndani, na juu kimeandikwa namba, 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha ambayo kitaizuia kabla hakijaachia. Kama nusu ya upepo wa tairi dogo. Inaonekana kidogo, lakini ikibanwa hivyo, maji yanafika mia na kumi na kitu bila kuchemka. Mshale kwenye geji unakaa chini kidogo ya katikati, na wewe unaendesha unapiga mluzi.

Ukikifungua kikiwa cha moto, presha inaondoka ghafla. Maji yote yanakumbuka kwamba yalitakiwa kuchemka zamani. Yanachemka yote kwa mpigo, na yanatoka kwa njia yenye uso wako.

Kuna kitu kingine kinaitwa thamostati. Ni kimlango kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Mafundi wengi wa huku tunakitoa na kukitupa, tunasema kinaleta joto. Nami nimetupa vingi, Mungu anisamehe. Matokeo yake asubuhi ya baridi mshale unalala chini kabisa, injini inakohoa, mafuta yanaliwa. Basi dawa yetu watu wa nyanda za juu tunaijua wote: boksi. Unachukua boksi la biskuti, unalikata, unalichomeka mbele ya rejeta kuzuia upepo. Gari linapata joto. Kila gari lililopita Makambako mwezi wa saba limeshawahi kuvaa boksi. Shida ya boksi ni moja. Halina kengele ya kukukumbusha ulitoe.

Baada ya miaka mitano Fundi Mkuu alinituma Iringa, kwenye gereji ya Mlandege. Bosi wa pale alikuwa mwanamke, tulimwita Msimamizi. Hakuwa mtu wa maneno. Ukifika asubuhi ukasema kamwene, salamu ya huko, anakuitikia, basi, mkutano umeisha. Akija kuangalia kazi yako hasemi nzuri wala mbaya, anabonyeza bomba, anatazama geji, anaondoka. Mimi aliniita Redio, kwa sababu sizimi. Katika miaka minne nilimchekesha mara tatu. Nilikuwa nahesabu.

Halafu baba yake akafariki, hospitalini pale Iringa.

Mzee alikuwa katekista Ubaruku, kule kwenye mpunga. Alikuwa amezika nusu ya kijiji, maana padri alikuwa mbali na vifo havisubiri ratiba. Alipoumwa alimwomba binti yake jambo moja: yeye azikwe na padri. Padri akakubali, lakini alikuwa na misa kijiji kingine jioni hiyo. Akasema saa kumi kamili lazima aondoke.

Tulitoka Iringa saa nne, kwa sababu karatasi za mochwari zilichelewa. Msimamizi mwenyewe alishika usukani wa pikapu ya gereji. Nyuma kulikuwa na jeneza limefunikwa turubai, na kaka yake amekaa pembeni kajifunika blanketi. Mi nilikaa mbele kama fundi wa safari. Kazi yangu ilikuwa moja, kuangalia geji. Mama mmoja wa gerejini pale alikuwa amenivuta pembeni akaniambia niongee njiani, nisimwache alie akiendesha.

Mafinga tukakuta ukungu na manyunyu. Mshale umelala, kioo kimeshika mvuke, injini inajikokota. Msimamizi akasimama dukani, mi nikaomba boksi la biskuti, nikalikata vizuri kabisa, likaziba rejeta yote kama limetoka kiwandani. Mshale ukapanda. Nikajisifu. Nikaanza kuongea.

Niliongea Makambako. Niliongea tunashuka Igawa. Nilimwambia habari ya shati jeupe, akatabasamu, nikahesabu ya nne. Na huku tunashuka Usangu, jua limetoka, blanketi la kaka limeshavuliwa, mimi namwangalia Msimamizi usoni kuona kama analia. Geji sikuiangalia.

Tulikuwa tumepita Rujewa, mpunga huku na huku, saa nane na nusu, nikasikia harufu tamutamu ya kulanti, yale maji ya dawa ya rejeta. Mshale ulikuwa umegonga ukuta wa juu.

"Zima, Msimamizi. Weka pembeni, zima."

Mvuke ulitoka chini ya boneti kama treni. Nikashuka mbio, nikafungua boneti, na kitu cha kwanza nilichokiona ni maandishi ya biskuti. Boksi limekaa pale pale, kavu, limekauka mpaka limejikunja kona.

Ntawaambia ukweli. Pembeni yetu kulikuwa na mfereji wa mpunga, umejaa. Boksi lingezama humo, lingeenda na maji, na hakuna mtu duniani angejua. Ningesema pampu ya maji. Ningesema gari zee. Nililivuta, nikalishika nyuma ya mgongo, nikatazama mfereji.

Kaka mtu alikuwa ameshafika. Wakulima wawili watatu nao walikuja na ndoo, maana pale maji ndo kitu cha bure, kila mtu anataka kusaidia. Kaka kachota ndoo imejaa, kajifunga shati mkononi, anakuja moja kwa moja kwenye kifuniko.

Nikasimama kati yake na rejeta. Nikamwambia maji ya ndani yamepita nyuzi mia, yanashikiliwa na kale kaspringi tu. Akifungua anaungua uso. Na akimwaga hayo ya baridi kwenye injini ya moto hivyo, hedi, kile kichwa cha injini, inapasuka, hapo ndo tunalala na mzee barabarani. Akasema mi mtoto, yeye ameendesha matrekta kabla sijazaliwa. Akasema baba yake yuko juani. Hilo neno lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Msimamizi alishuka. Akatazama saa. Akatazama turubai. Alikuwa hajalia tangu asubuhi.

"Redio. Fungua."

"Sifungui, Msimamizi."

"Padri anaondoka saa kumi."

"Najua. Bonyeza bomba."

Akalibonyeza juu ya kitambaa. Lilikuwa gumu kama goti. Alijua maana yake kuliko mimi, lakini msiba unamsahaulisha mtu hata jina lake. Akauondoa mkono.

"Limechemkaje? Juzi nimelikagua mwenyewe."

Kaka na wakulima wote wakanitazama. Nikatoa boksi nyuma ya mgongo. Sikusema kitu, na kwangu hilo ni tukio.

 Kaka akaniita jina ambalo siliandiki hapa. Msimamizi akamwambia aweke ndoo chini, juani, maji yapate uvuguvugu. Halafu akaenda nyuma, akakaa kwenye bodi karibu na jeneza, mkono juu ya turubai.

Tukasubiri. Wadogo zangu, kuna kazi ngumu gereji, kuna kushusha injini, kuna kulala chini ya lori kwenye tope. Hakuna ngumu kama kusubiri bomba lilainike wakati watu wamechimba kaburi. Kila dakika tano nabonyeza. Gumu. Nabonyeza. Gumu. Mkulima mmoja akasema ana pawatila, kale katrekta ka mkono, anaweza kumbeba mzee. Msimamizi akatikisa kichwa, akasema tusubiri fundi. Alisema fundi, hakusema Redio. Ningependelea matusi ya kaka.

Saa tisa na robo bomba likabonyea. Nikalowesha gunia, nikalikunja juu ya kifuniko, nikageuza uso pembeni kama nilivyofundishwa, nikazungusha hatua ya kwanza tu. Kikapiga mluzi. Nikangoja mluzi ufe. Hatua ya pili. Nikawasha injini, nikamimina yale maji ya vuguvugu kidogo kidogo, nasikiliza hedi kama daktari. Haikugonga. Mshale ukashuka, ukakaa pale pale chini ya katikati, kama haujafanya lolote.

"Kaa nyuma na baba," Msimamizi akaniambia.

Nikakaa. Njia nzima mpaka Ubaruku nilimwomba msamaha yule mzee, kimya kimya, bila utani. Tulipofika padri alikuwa ameshavaa kofia ya pikipiki. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika chache. Alituona, akaivua, akaiweka juu ya tenki, akachukua kitabu chake.

Jumatatu Msimamizi aliniita. Alisema nilivyokataa kufungua alikuwa amenielewa, na kaka yake ana uso kwa sababu yangu. Ila mtu wa kuangalia geji ambaye haangalii geji, yeye hawezi kumweka barabarani. Akanilipa, akanipa mkono. Ndo kustaafu kwangu huko.

Siku hizi nauza maharage Uyole, karibu na barabara kuu. Kazi ni ile ile, moto, maji na kifuniko, tofauti ni kwamba hii wateja wanaila. Jiwe langu la kifuniko ni kichwa cha pistoni. Wakiniuliza kama nimeimisi gereji nasema nimemisi kelele tu. Naongopa. Nikiona gari limesimama na boneti wazi natoka mbio na mwiko mkononi, nabonyeza bomba kwanza ndo nasalimia.

Mwezi wa saba uliopita, asubuhi ya baridi kali, ile pikapu ilisimama mbele ya kibanda. Msimamizi alikuwa ametoka mjini kufuata vipuri, anarudi Iringa. Nikasema kamwene, akaitikia. Akakaa, akaagiza sahani moja na chai.  Katikati ya kula akaniambia simu yake imebaki kwenye gari, nikamchukulie.

Nikafungua mlango. Chini ya geji, kwenye dashibodi, kulikuwa na plasta nyeupe ya hospitali, imebandikwa vizuri, imeandikwa kwa kalamu nzito kwa mwandiko wake: BOKSI UMETOA?

Nikazunguka mbele. Lilikuwepo, la biskuti, limekatwa vizuri. Simu sikuiona. Nilirudi kibandani nikamkuta anayo mkononi, anakunywa chai.

"Lipo," nikamwambia. "Ukianza kushuka ulitoe."

"Ndo maana nimesimama hapa," akasema, akaomba aongezewe maharage.