Kitambaa cha Mama Kilipofunguka Angani

Juzi hapa Majengo niliona wanafunzi wakirusha roketi ndogo ya karatasi. Parashuti ilifunguka, wakaikimbilia. Harufu ya baruti ikanirudisha mchana ule wa utoto wangu, kijijini kwetu Kanyaruchinya.

Kaka yangu Kambale alijaza roketi yake unga wa viberiti, na parashuti ilikuwa kitambaa cha mama cha kuendea misa. Ikashuka polepole, ikaangukia ndani ya kambi ya waasi.

"Ukimbie ukailete, mama atatupiga!" nikamuambia. Akakimbia mpaka ndani ya kambi, mimi nyuma yake.

Komanda wao, Bahati, alicheka. "Ni wewe ulirusha hii? Kuya hapa kwangu, fundi! Tunatafuta mutu anajua baruti."

Wakamupandisha kwenye lori. Hakurudi tena, na Bahati aliyemuiba leo anaitwa muheshimiwa. Mimi mutoto nilifikiri wamemupenda. Nikawapigia makofi mpaka lori likapotea.