Kifungo cha Tatu

Mimi ni fundi wa nguo Kitengela, na nikiona kifungo kisichofanana na wenzake mkono huniwasha. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba nilichofanya sikukifanya kwa ubaya, ingawa siku hizi sioni kama hilo linanisaidia.

Nyuma ya duka, pale ninaposhonea sare za shule, kuna kabati lenye makoti kumi na moja ya gwaride. Yote ni ya askari wa chini. Ya maafisa sina haja nayo. Afisa alistaafu na nguo zake, akapigwa picha nazo, watoto wakaitundika picha sebuleni. Askari wa kawaida alirudisha zake stoo siku ya kuondoka, hata mshipi. Chache zilizoponyoka zilivaliwa shambani mpaka zikaisha, au zikakatwa kaptura za watoto, au zikachomwa, maana watu wanaogopa kukutwa na nguo za jeshi ndani ya nyumba. Dada yangu hadi leo hunionya kwamba nitakuja kushikwa na polisi kwa ajili ya matambara. Kwa hiyo koti la gwaride la askari asiye na cheo ni adimu kuliko maji ya bomba hapa Kitengela wakati wa kiangazi.

Baba yangu alikuwa askari wa namna hiyo. Alirudi nyumbani na sanduku tupu na picha moja iliyofifia. Nilipopata akili nikaanza kulitafuta koti lake, na nilipolikosa nikaanza kukusanya baba za watu wengine.

Lile jekundu lililetwa na mwanamke wa makamo kutoka Kajiado, limekunjwa ndani ya mfuko wa unga.

“Fundi, niko na hii koti ya mzee wetu marehemu,” akasema. “Kitambaa bado iko sawa. Unaweza kata unitolee jaketi ya mtoto?”

Nilijifanya nakagua upindo, kumbe nalitazama koti zima. Lilikuwa la sufu nzito, la miaka ya kwanza ya uhuru, kola imesimama wima, na vifungo saba vya shaba. Au niseme sita. Cha tatu kutoka juu kilikuwa kifungo kikubwa cha plastiki, cha kahawia, chenye matundu manne, kimeshonwa kwa uzi mweusi mnene kama wa kushonea magunia. Kilikuwa kibaya hasa.

Nikamwambia kitambaa kimechoka, kitachanika kwenye cherehani. Huo ulikuwa uongo. Kitambaa kile kitanizika mimi. Nikamwambia aniachie, nami nitamshonea mtoto jaketi jipya la sufu. Alifurahi. Akiwa mlangoni akageuka.

“Lakini mama akiitaka utatuletea, si ndio? Yeye hajui nimetoa.”

“Nitaleta,” nikasema.

Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimekwisha kukikata kile kifungo. Nikakitupa ndani ya kopo langu la vifungo, ambamo kila mteja aliyepoteza chake hutafutiwa pacha. Nikachukua cha shaba kutoka kwenye koti bovu nililolipata sokoni Kiserian, ambalo nondo walikuwa wamelila likabaki vifungo tu. Nikatoa harufu ya ugoro kwa siki. Nikang'arisha, nikapiga pasi, nikapiga picha na kuzituma kwa wakusanyaji wenzangu. Walinijibu kwa neno moja: kamili. Nilitembea na neno hilo wiki nzima kama mtu aliyepewa cheo.

Mwaka haukuisha kabla yule mwanamke, binti wa marehemu, hajapiga simu. Mama yake, ambaye macho yameharibiwa na presha, alikuwa na desturi ya kulianika koti kila baada ya mvua za masika. Safari hii aliomba litolewe, na sanduku halikuwa na kitu.

“Nimemwambia iko kwa fundi, inashonwa,” binti akasema kwa sauti ya chini. “Tafadhali ilete.”

Niseme ukweli. Nia yangu ilikuwa kwenda nalo na kurudi nalo. Nilijua atalipapasa, atalia kidogo, kisha nitamweleza kwamba kwangu haliguswi na panya wala unyevu. Tena nilitaka asifu kazi yangu.

Nyumba yao iko Kajiado, ng'ambo ya reli. Mzee alipotoka jeshini alifanya kazi Magadi miaka mingi, kisha wakahamia hapo. Nilimkuta mama amekaa barazani, amevaa sweta nzito ingawa jua lilikuwa kali, viwiko vimejaa viraka. Binti alinong'ona kwamba amekataa kuvaa nyingine yoyote. Nami kwa mazoea ya kazi macho yangu yakaenda kwenye vifungo. Vilikuwa vikubwa, vya kahawia, vya matundu manne. Kimoja hakikuwepo.

Nikamwekea koti mapajani. Akaligusa kola, akapima bega kwa shibiri, akatabasamu. Kisha kidole kikaanza kushuka. Cha kwanza. Cha pili. Kilipofika cha tatu kikasimama. Akarudi juu, akaanza tena, akasimama palepale. Akalileta puani.

“Hii ni safi sana,” akasema polepole. “Tukiwa Magadi kifungo yake moja ilianguka. Tulitafuta mpaka kwa magadi yenyewe, hakuna. Na kesho yake ilikuwa ni ya kuvaa kanisani. Nikatoa yangu hapa.” Alinyoosha mkono, akautafuta wangu, akachukua kidole changu akakiweka kwenye pengo la sweta yake. “Akasema wenzake watamcheka. Nikamwambia wacha wacheke, mimi pia nitatembea hivi. Baadaye nikataka kuitoa, nimtafutie ya shaba. Alikataa kabisa.”

Akalikunja koti, mikono ndani, kola juu, kwa ustadi wa mtu aliyelikunja miaka yote, akanirudishia.

“Hii si yake, mwanangu. Umechanganya za watu. Si makosa, kazi ni nyingi. Rudi nayo, kuna mama mahali anaitafuta kama mimi.”

Binti alinitazama. Hakujua lolote kuhusu vifungo, lakini aliona uso wangu. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema: nilikikata mimi, Mama.

“Pole, Mama,” nikasema. “Nitaitafuta yenu.”

Alinilazimisha ninywe chai. Alinifungia mayai sita kwenye gazeti, akamwambia binti yake kwamba kuna mafundi ambao wangebishana, lakini huyu ana ukweli. Niliyameza hayo pamoja na chai.

Dukani nililimwaga kopo lote mezani. Vya kahawia vilikuwepo, hata vya matundu manne, lakini chake hakikuwepo. Nadhani nilikishona kwenye koti la mlinzi mmoja aliyehamia Illasit kulima nyanya. Nimewapigia watu simu; hakuna anayejua alipo. Nikachukua kingine kinachofanana, nikatafuta uzi mweusi mnene, nikashona. Kikakaa sawasawa, katikati ya tundu, mishono minne iliyolingana. Nikajaribu kushona vibaya. Ubaya wangu nao ulikuwa wa kifundi, yeyote mwenye vidole angeujua. Nikakikata tena, nikarudisha kile cha shaba.

Najionea haya, na haya yenyewe haina faida kwa mtu yeyote. Kila mwezi hujiambia nitapanda kwenda Kajiado nikaseme. Kila mwezi shule huwa na sare za haraka.

Juzi binti alipiga simu. “Mama anauliza kama umepata ile yetu.”

“Bado,” nikasema. Koti lilikuwa mbele yangu, kwenye hanga.

“Amesema usichoke. Pia ameuliza, yule mama mwingine alipata yake?”

Nilitazama vile vifungo saba vya shaba, vimepangana vizuri kama nilivyotaka.

“Alipata,” nikamwambia. “Alifurahi sana.”

“Asante, fundi. Wacha nimwambie. Amekuwa akimwombea.”